Mizinga Juu, Kutu Tumboni

Kwako Obita,

Wewe mtoto, barabara ya Luzira imekatika? Avokado zimezaa, zimeanguka, zimeisha, hujakanyaga hapa. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanayoninunia. Wewe hujambo? Unakula, au ni chai tu? Babra, fundi cherehani jirani yangu, ndiye anayeandika. Nimemkataza kulainisha hata neno.

Ulipokuja na simu yako kunirekodi nilikuchinjia kuku. Nikakueleza kazi ya baba yangu Nashon kule bandarini Kilindini, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Meli kubwa za vita za Waingereza zilifika zimezeeka. Huko juu walishazijaza mizinga mipya ya kutungulia ndege. Ndani boila zinavuja, mabomba yameoza. Baba aliingizwa humo tumboni kukwangua kutu na kuvua ile pamba nyeupe ya kuzuia joto iliyovishwa mabomba. Alikuwa akitoka mweupe kama mtu aliyemwagiwa unga. Mzungu wao akamwambia vumbi lile halina neno, anywe maziwa. Kikohozi cha vumbi hilo alihamia nacho Kampala, na ni mimi niliyemshika kifua mpaka kikanyamaza. Nikakuomba jambo moja tu: ukisimulia, kikohozi usikiache.

Baadaye ukaniambia mkutano wako wa hoteli ya Nakasero, ule ambao ungemsimulia, umeahirishwa. Nikasema sawa, mjukuu niliyemlea mwenyewe hawezi kunidanganya.

Obita, nilikuwepo. Zulaika, yule anayeuza mboga sokoni hapo chini, alisikia jina lako likitajwa kwamba utahutubia hotelini, akaja kunichukua. Tukaketi nyuma karibu na mlango, mimi nimevaa gomesi yangu ya harusi. Nikakusikia ukiwaambia wageni kwamba mzee Nashon alikuwa mpiga mzinga, ati alitungua ndege, ati meli yake ilikuwa ngome. Wakakupigia makofi. Zulaika akaninong'oneza akiuliza kama nilikuwa na baba wawili.

Kama unamwonea haya, ungeniambia. Umemfanya baba yangu vile walivyozifanya meli zao: mizinga juu, aliye tumboni asionekane. Hata kukohoa umemnyima.

Lakini wewe ni wangu, sina mahali pa kukutupa. Nisalimie mkeo Aber, umwambie samaki ngege wa kukaanga ninao, nawangoja.

Ukija Jumapili, tai iache kwako. Pipa langu la maji limeshika kutu. Utaingia ndani ukwangue mpaka utoke unakohoa, na mimi nitasimama nje nikupigie makofi.

Jajja, bibi yako,
Ajwang