Mume Wangu, Finehasi Asiye na Mkuki

Mpendwa Mama Mshauri, naomba msaada, ingawa nina furaha mpaka naona haya, maana ndoa yetu bado mbichi na mume wangu Biaksanga ndiye mtangazaji wa kipaza sauti cha kijiji chetu huku milimani Mizoram, na hata akitangaza nguruwe aliyepotea moyo wangu hunidunda, sasa juzi kamati ya vijana ilimkuta mjane Pi (yaani Bibi) Hrangkimi akipika pombe ya mchele, ambayo ni marufuku kwetu, ikamwagiza Sanga wangu alitangaze jina lake kijiji kizima kisikie, naye akasema hewani, "Jamani, upepo umeng'oa paa la Pi Hrangkimi, mwenye bati apeleke," kisha akazima!

Katibu wa kamati, Pu (yaani Bwana) Thangvunga, akaja mbio hadi jikoni kwetu. "We Sanga! Finehasi wa Biblia alisimama na mkuki, akawachoma wenye dhambi, tauni ikakoma. Wewe unaogopa kutaja jina la kibibi?"

"Jina lake mnalijua, Pu. Shida iliyompikisha pombe ndiyo hamjaitangaza."

Mama, nilitaka kumkumbatia palepale mbele ya mama mkwe! Mabati yakapelekwa, na Pi Hrangkimi mwenyewe akaivunja mitungi yake ya pombe, lakini kamati inataka Jumapili Sanga aombe radhi kanisani na kulisoma lile jina, la sivyo wanamfukuza kazi, na mama mkwe ananiambia, "Bibi harusi, mtulize mumeo, asituaibishe." Je, Zaburi ya 106, inayomsifu Finehasi, inatuhukumu?

Ramengmawii

Mwanangu Ramengmawii,

Hongera, ila punguza kudundwa na moyo, usome. Mkuki wa Finehasi ulikuwepo, tusiufiche. Lakini zaburi hiyo ilipomsifu haikuutaja. Ilisema alisimama, na tauni ikazuiliwa. Na juu kidogo, Musa alisimama penye ufa, mikono mitupu, Mungu akaizuia hasira yake. Basi mwulize katibu: kwa Pi Hrangkimi, tauni ilizuiliwa na nani?

Asiombe radhi. Jina asilisome. Wakimfukuza, akabidhi kipaza sauti kwa heshima, bila maneno makali. Na wewe usinune wala usiende visimani kumsema katibu, nakujua. Mkwe wako mpikie chai, mwambie unajivunia mwana aliyemlea.

Jumapili vaa vazi lako la harusi. Upande wa wanawake, usikae na mkweo. Kaa na Pi Hrangkimi, bega kwa bega. Mwingine akilisoma jina lake, simama naye.