Koti Linarudi Mwanjelwa

Mafinga,
Jumapili, baada ya misa ya pili.

Mpendwa dada yangu Veneranda,

Kamwene, dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba lile goti halikusumbui tena unaposimama kibandani kutwa. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Mgongo wa Joachim unapona taratibu. Tangu alipoanguka kwenye paa la watu mwezi wa pili hajainua ubao, ila sasa anaweza kukaa kwenye kiti bila mto. Clement yupo, anajiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Baridi ya mwezi wa saba imetukamata, maji ya ndoo asubuhi yanauma meno.

Najua umefungua kifurushi kabla ya barua, maana nakujua. Ndiyo, ni lile koti la bluu ulilonichagulia kwenye belo lako la mtumba, na ndiyo, nimelirudisha. Halijachanika wala sijalichoka. Soma kwanza. Ningekupigia simu, lakini pale sokoni Mwanjelwa simu yako huwa unaiweka sauti ya juu, na siku nilipokuambia nina mimba, wauza viatu wote wa mstari wenu walinipongeza. Haya ya leo si ya wauza viatu. Dereva Vitus anaondoka na lori la mbao jioni hii, atakuletea.

Dada, nina kinyaa. Sina neno jingine. Mimba hii ya miaka arobaini na tatu ilinijaza mate mdomoni ilipofika mwezi wa tatu, na leo ina miezi saba, hayajakauka. Natembea na kopo lenye kifuniko ndani ya mkoba, nageuka pembeni natema kama mla ugoro. Dagaa wa jirani ananifuata mpaka kitandani. Utomvu wa misonobari, ambao nimeunusa tangu niolewe huku, sasa unanuka kama dawa ya choo. Miguu imevimba. Nesi wa kliniki alinipima presha, akanitazama kama aliyemkuta bibi yake disko, akaniambia nipumzike. Nikamuuliza nipumzikie wapi. Na Clement, niliyemnyonyesha miaka miwili mizima, aliniomba kwa adabu kabisa nisiende kwenye kikao cha wazazi shuleni, aende baba yake na mgongo wake. Nilimwelewa. Nikachukia hivyo hivyo.

Ile shule ya bweni niliyokuwa natunza stoo ilifungwa mwezi wa nne, na kwa kuwa Joachim hafanyi kazi, nikaanza kuzunguka na bahasha ya vyeti. Ofisi ya kwanza, Iringa mjini, bwana mmoja alilisoma tumbo langu kwa makini kuliko vyeti, kisha akauliza mzigo huo unashuka lini. Alikuwa anatafuna karanga mdomo wazi. Mimi mdomo umejaa mate, kutema siwezi, kumeza siwezi, na yeye akadhani nimekosa jibu. Makambako binti mmoja wa mapokezi aliniambia wanatafuta mtu mwenye nguvu mpya, na kwamba yeye kwa umri wangu angeona aibu. Aibu ya nini hakusema. Nilirudi nyumbani nikaosha uso mara tatu, na bado nilihisi macho yao kwenye ngozi.

Ndipo likaja koti lako, refu, pana, zito. Mafinga mwezi wa sita hakuna anayekuuliza kwa nini umevaa koti. Nikaenda kwenye kiwanda kimoja cha mbao kilichotaka mtunza stoo. Meneja ni mzee Rabson, mzee wa kanisa huko kwa Walutheri, mpole, vidole viwili vya mkono wa kushoto vililiwa na msumeno zamani. Alisoma vyeti vyote, mpaka cha ubatizo nilichosahau ndani ya bahasha. Akaridhika. Kisha akaniomba radhi kabla ya kuuliza. Hebu fikiria, dada, aliniomba radhi! Akasema anaona koti limeinuka mbele, na kama naumwa nisimfiche. Nikajibu kabla sijafikiri. Nilisema ni uvimbe. Nikaongeza kwamba nasubiri tarehe ya upasuaji hospitali ya Tosamaganga.

Ningejua! Kumbe marehemu mke wake aliondoka kwa uvimbe. Mzee alivua miwani akaifuta, akaifuta tena, akasema nianze Jumatatu na nisiinue kitu chochote kizito. Nilitoka pale nina kazi. Joachim alifurahi mpaka akasahau mgongo.

Sasa nifike kwenye lile ambalo nimelizunguka tangu juu ya ukurasa. Pale kiwandani hawawashi msumeno kabla ya sala. Kila Jumatatu asubuhi wote wanakusanyika juu ya vumbi la mbao, hata Bushiri fundi mashine, ambaye ni Mwislamu, husimama pembeni kwa heshima, maana msumeno ule umeshakula vidole vya watu. Jumatatu yangu ya pili mzee Rabson aliwaambia kwamba mwenzao mpya ana maradhi mazito. Wakaniweka katikati. Wakaniwekea mikono mabegani, mgongoni, tumboni juu ya koti lako. Na mzee akaomba kwa machozi kwamba kitu kile kilichoota ndani yangu kisikue tena, kinyauke, kikauke mpaka mizizi.

Nikasema Amina.

Ningeweza kunyamaza, dada. Aliomba mara tatu, na mara tatu nilisema Amina, kwa sauti, ili nisikike. Mtoto akapiga teke. Mkono uliokuwa pale ulikuwa wa Tumpe, mama wa watoto watano anayepanga mbao. Niliuona ukishtuka, kisha ukarudi taratibu ukatulia palepale. Kesho yake aliniletea uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, akaniambia kwamba uvimbe wa aina yangu hupenda uji, niumalize wote. Niliumaliza, nikaenda nyuma ya marundo ya mbao nikautapika. Siku hiyo haikuwa mimba iliyonitapisha.

Wewe ndiye mtu wa mwisho niliyestahili kumwandikia haya. Miaka kumi na sita umesali novena, umekunywa mizizi ya kila mganga, ukimwomba Mungu kitu kimoja tu. Mimi niliyepewa bila kuomba nimeitikia kikauke. Yule bwana wa karanga alinitia kinyaa siku moja. Mimi najitia kinyaa kila ninapovaa koti lako, na nalivaa kila siku. Joachim hajui. Anashukuru kwa ajili ya kazi yangu kila tunapokaa mezani, na Amina yake inabaki peke yake, maana mimi hilo neno limenikwama.

Ningeendelea hivyo hivyo, sikudanganyi. Lakini Ijumaa nilimkuta mzee Rabson ameinamia meza ofisini, midomo imemkauka. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, anafunga, kila Jumatano na Ijumaa, mpaka uvimbe wangu uishe. Mzee mwenye vidonda vya tumbo anashinda na njaa ili mwanangu akauke! Hapo ndipo niliposhindwa.

Kesho ni Jumatatu. Kabla hawajawasha msumeno nitasimama mimi, niwaambie. Leo Joachim akiamka usingizini namwambia yeye kwanza. Nikifukuzwa, nimefukuzwa, mzee ana haki hata ya kunitemea mate, na mate nimeyazoea. Ila kabla sijaondoka nitawaomba waniwekee mikono tena na waombe kinyume cha yale ya kwanza. Wakikubali, hiyo Amina nitaiitikia.

Mficha uchi hazai, na mimi uchi wangu niliuficha kwa koti. Ndiyo maana linarudi. Likibaki hapa asubuhi nitalivaa, najijua. Nitakwenda na sweta la Joachim, ambalo vifungo vyake vya mbele havifikii matundu. Koti usiliuze. Mpe fundi cherehani wa hapo sokoni alikate, atoe blanketi la mtoto, kisha ulilete mwenyewe mwezi wa tisa, kama bado utataka kuniona.

Msalimie sana shemeji. Clement anakusalimu, Joachim naye angekusalimu kama asingekuwa amelala. Niombee, dada. Ila ukiomba, mtaje wazi kwamba ni mtoto.

Ni mimi mdogo wako, mwenye mimba ya miezi saba,

Juliana.