Jina Lako Lina Koti Jeupe

Hamdi, abaayo, rafiki yangu kama dada,

Assalamu alaikum huko uliko. Sijawahi kukuandikia. Leo mtoto amelala kifuani na mkono mmoja uko huru, basi nakuandikia kabla sijabadilisha mawazo.

Nimejifungua. Msichana. Ana nywele nyingi, na hasira. Na wiki hii yote nimekuwa nikikuonea wivu, wewe uliye kaburini. Mungu anisamehe.

Mama yako alikuja siku ya pili na kibuyu cha maziwa ya ngamia. Akamshika mtoto, akamnusa shingo, akasema, "Nasra, mpe jina la Hamdi. Jina lirudi nyumbani." Alipotoka nikamwambia mume wangu hapana. Akasema, "Si ni jina tu?" Wanaume! Si jina tu. Jina lako lina koti jeupe ndani yake.

Unakumbuka tulivyoapa nyuma ya bweni? Wote wawili madaktari, hakuna kuachana. Halafu homa ikakuchukua kabla ya mtihani, nikaufanya peke yangu. Alama hazikufika za udaktari. Hazikufika hata za uuguzi. Nikarudia, nikasoma mpaka macho yakauma, hazikufika tena. Sasa niko hapa, dera limelowa maziwa, nepi zimejaa kamba yote, mgongo si wangu.

Lakini wewe hukufeli kitu. Kila harusi, kila Idd, nawasikia: "Hamdi angekuwa daktari saa hii, wallahi." Halafu wananiangalia mimi. "Na Nasra? Nasra ameolewa, alhamdulillahi." Hiyo alhamdulillahi yao inawasha kama pilipili kwenye kidonda. Na wewe kila mwaka unapandishwa cheo. Juzi mtu alisema ungekuwa daktari wa upasuaji, Nairobi. Upasuaji! Mimi nitashindana vipi na mtu ambaye hafanyi mtihani?

Ndiyo maana nilikataa. Sikutaka kumwita binti yangu jina hilo kutwa nzima, na kila nikimwita nikumbuke nilichoshindwa. Na yeye je? Abebe koti lako, na langu juu yake?

Leo ilikuwa akika. Siku ya saba, na jina bado. Mbuzi amefungwa uani, wazee wako mkekani, shehe anasubiri. Mama yako alisimama nami mlangoni, amempakata mtoto. Kisu kilipotolewa, akacheka. Nikamtazama.

"Hamdi angekuwa ameshakimbia," akasema.

"Akimbie nini?" nikamuuliza.

"Kwani hujui? Yule akiona damu alikuwa anaanguka. Puu, kama gunia! Aliniapisha nisikwambie wewe. Alikuwa analia, anasema, 'Hooyo, mama yangu, Nasra anashika miguu ya mbuzi hata macho hapepesi. Akijua, ataenda aniache.'"

Hamdi!

Kila Idd, mbuzi akilazwa tu, wewe ulikimbilia jikoni kufukiza vibuyu vya maziwa. Unarudi unanuka moshi, macho mekundu, na mama yangu ananisema: "Mwangalie mwenzako, kazi haimchoshi." Nilikuonea wivu hata huo moshi. Kumbe ulikuwa umejificha. Kumbe ulikuwa unanionea wivu mimi, miguu ya mbuzi mkononi, damu kwenye kandambili.

Nilicheka mpaka tumbo likauma, nalo bado halijapona. Kisha nikalia. Mama yako naye. Shehe akauliza kutoka uani, "Jina?" Nikasema Hamdi. Nilisema kwa sauti mpaka wazee wakageuka.

Sikukupa heshima ya daktari, usijidanganye. Jina limekuwa jepesi, abaayo, basi. Ni la msichana aliyekimbia damu akajifanya mchapakazi. Hilo mtoto wangu analiweza.

Mtihani sirudii tena. Nimelisema leo na sikulia nilipolisema. Kesho pengine nitalia. Na nikimwona msichana wa rika letu na koti jeupe pale lango la hospitali, bado nitageuza uso. Najijua.

Nakuahidi hivi: mtu akianza "angekuwa" mbele ya binti yangu, nitamkatiza, hata awe mama yangu. Kisha nitamwambia mtoto ulivyotoka jikoni ukipangusa macho, ukisema moshi umezidi. Hapo nitamfundisha kufukiza vibuyu. Na siku ya Idd akitaka kukimbia, nitamwacha akimbie.

Mungu akupanulie kaburi, alitie nuru. Wivu umebaki mmoja tu: wewe unalala. Mimi siwezi. Hamdi ameamka, analia. Naenda kumnyonyesha.

Nasra wako