Kibao cha Getini

Kwako Dada,

Salamu nyingi zikufikie huko kazini, na kile kikohozi natumaini kimekuacha. Sisi ni wazima wa mwili. Kichwa ndicho kinachoniuma, na dawa yake haiuzwi dukani.

Ofisi ya bustani inataka kuweka kibao getini kueleza jinsi shamba la Babu lilivyogeuka kuwa bustani ya umma. Baba akaahidi kwamba nitaandika mimi, eti vitabu ninavyosoma vifanye kazi. Tangu hapo sina raha. Baba anataka iandikwe kwamba Babu alilitoa kwa ukarimu. Baba Mdogo anasema ukarimu gani, mzee alirubuniwa akiwa kitandani. Wanakuja mezani kwangu kwa zamu. Mmoja akifuta, mwingine anarudisha. Jana nilipendekeza tuandike tu kwamba palikuwa na ng'ombe. Wakanigeukia wote wawili, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nimewaona wakikubaliana.

Bibi naye haachi. Kila jioni anavuka barabara na kufuli lake kufunga geti, watu wangali ndani! Juzi aliwafungia maharusi na mpiga picha wao. Mlinzi alikuja kulalamika kwamba Bibi atamkosesha kazi, Bibi akamjibu kwamba yeye alianza kulifunga geti lile mama yake mlinzi hajaota meno. Wa kupeleka ufunguo na kuomba radhi ni nani? Ni mimi. Unavyonijua, mbele ya bibi harusi aliyenuna nilikaribia kuzirai.

Tulipobaki wawili nikamuuliza Bibi, kwa hasira kidogo, geti lina nini. Akaketi kwenye benchi, palepale lilipokuwa zizi. Akasema enzi zile akiliacha wazi, Baba anaingiza ng'ombe kwenye mahindi ya Baba Mdogo, na kesho yake Baba Mdogo analipiza. Babu alitaka kuwagawia. Bibi akakataa, akasema watagombania hata tuta moja. Bora shamba liwe la watu wote, asiwepo wa kumfukuza mwenzake. Babu aliweka sahihi tu. Husemwa ndugu wakigombana ushike jembe ukalime, wakipatana ushike kapu ukavune. Bibi anasema yeye amelima mpaka mpini umekwisha, kapu hajaligusa.

Nikauliza niandike nini. Akasema hivyohivyo, wa kuona haya ni wao.

Sasa nikuambie nisilomwambia mtu. Fundi wa vibao alikuja asubuhi, nikampa maneno haya: “Hapa palikuwa shamba. Wana wawili waligombana, mama yao akashauri litolewe kwa watu wote. Karibuni. Jioni geti hufungwa.” Kitazinduliwa Jumamosi, na wa kukisoma mbele ya watu ni mimi, ambaye hata kupiga hodi naogopa. Baba na Baba Mdogo watakuwa mstari wa mbele, kila mmoja akisubiri maneno yake. Dada, nakusihi, omba ruhusa uje usimame karibu nami.

Wasalimie wote unaoishi nao. Baba anakusalimu, na Baba Mdogo pia, kila mmoja kivyake. Bibi anasema usihofu: atakaa getini na kufuli lake, asitoke mtu kabla sijamaliza kusoma.

Ni mimi mdogo wako,
Profesa