Nyoka Niliyemsingizia

Ikutha, Jumanne

Leo tena mama mkwe ameniosha jicho la kushoto kwa maziwa ya mbuzi. Bado halioni kitu. Anaamini nyoka alinitemea mate ghalani, maana ndivyo nilivyomwambia kila mtu, hata kanisani.

Nitasemaje kwamba nilienda Nairobi, daktari akanitoa mafuta pajani akanidunga nayo usoni ili mashavu yajae, na jicho likaingia giza palepale kitandani? Mume wangu anajua nilikuwa kwenye semina ya akina mama.

Jioni wanaume wamebomoa ghala letu zima wakimtafuta huyo nyoka. Nilisimama nikiwatazama tu.

Mama mkwe akanishika uso kwa mikono miwili. "Pole, mwanangu. Shukuru Mungu, angalau mashavu yako yamenawiri."