Maziwa ya Alliance

Papa Kanamugire mupendwa,

Nimefika Mubi muzima, pikipiki haikuthubutu kunitupa. Nilishuka milima ya Masisi katika ukungu, nikafuata bonde la Osso mpaka mto Lowa. Madereva wa malori walikwama kwenye matope, mimi nikawapungia mukono kama waziri.

Ila maziwa uliyomutumia dada Alliance, kumuonyesha kwamba hasira yako juu ya ndoa yake imekwisha, barabara iliyasuka mpaka yakawa siagi. Alifungua bidoni, lile dumu lako la maziwa, akacheka: "Kaka, haya njo maziwa?" Kisha akamupaka mutoto wake siagi kichwani, kama baraka kutoka kwako.

Bidoni amekatala kunirudishia. Anasema: "Papa akuje aichukue yeye mwenyewe."

Ni mimi mwanao, fundi wa barabara zote,
Muhire