Ndugu wa Kunyonya Hawamo

Mpendwa mama,

Leo nimefungua laptopu barazani kwako, Mtoni, na hakuna aliyeniuliza ninafanya nini. Swali lile nilikuwa nimelichoka. Sasa ninalitamani.

Unakumbuka siku niliyokujibu vizuri? Ulikuwa unachambua mchele. Nikakwambia kuna ghala kubwa la kumbukumbu mtandaoni, limepanga jeni za viumbe kwa ukoo. Mimi sitafuti moja moja kwa mkono. Naandika programu, inakwenda kuuliza yenyewe: jeni hii ya mbu ina ndugu gani kwa nzi, kwa kuku, kwa binadamu? Inarudi na majina kwa mamia.

"Kwa hiyo mie na mbu ndugu?"

"Wa mbali, mama."

"Basi awe anabisha hodi, sio ananing'ata tu."

Ulicheka mwenyewe mpaka mchele ukamwagika. Kisha ukauliza, "Na ndugu wa kunyonya, wamo humo?"

"Hawamo. Maziwa hayabadilishi jeni."

"Basi haijakamilika hiyo. Maana mie watoto niliowanyonyesha mtaa huu..."

"Subiri kidogo, mama. Nimalizie hii."

Programu ilikuwa inauliza upesi mno, ghala likaanza kuikatalia. Nikaiandikia amri ipumzike sekunde moja kati ya swali na swali. Nilipoinua kichwa ulishaingia jikoni. Sikukuuliza tena. Nilijua upo tu.

Mama, Salum wa kwa fundi cherehani ameleta barua ya posa. Yule yule uliyekuwa ukisema anakuja kuazima ngazi mara nyingi kuliko mtu anayejenga ghorofa. Nilifurahi, sikufichi. Nimempenda kimya kimya miaka yote. Lakini wazee walipokaa, jirani yetu Bi Zuhura akasema kwamba mama yake Salum alipolazwa, ulimchukua mtoto mmoja wa nyumba ile ukamnyonyesha kwa miezi. Yupi? Salum, au kaka yake aliyemtangulia? Hakumbuki. Na mama yake Salum naye alishafariki, kama wewe. Kama ni Salum, basi tumenyonya ziwa moja, ni kaka yangu, na kwa dini yetu ndoa hakuna.

Programu yangu inamjua ndugu wa mbu aliye mbali kabisa, na mimi sina wa kumuuliza hili moja. Nimepekua sanduku lako lote, hata kadi za kliniki. Ningekuacha umalize ile sentensi, mama. Dakika moja tu. Kuna siku nakukasirikia wewe, eti kwa nini hukurudi kunisumbua, halafu naona aibu na kulia.

Sheikh ametushauri tuache, kwa sababu ya shaka hiyo. Salum akaomba tusubiri, huenda akapatikana anayekumbuka. Tumezunguka mpaka Kibamba kwa mkunga mstaafu aliyekuwa rafiki yako. Naye anakukumbuka wewe, vichekesho vyako, mikono yako. Mtoto hamkumbuki.

Jana Salum alipiga simu. Nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi. Nikamwambia, "Shikamoo, kaka."

Akaitika, "Marahaba, mdogo wangu."

Pumzika, mama. Nimekukumbuka mno.

Kitinda mimba wako